Safari Isiyo na Msiba

Kwa mtu ambaye hajawahi kutembea, mama yangu alikuwa amesafiri sana. Alifika Lubero kumzika dada yake, akafika Maboya kumzika mjomba wake, akafika hadi Kanyabayonga kumzika shemeji aliyefia kule akiwa sokoni. Safari nyingine zote zilikuwa za kukimbia. Vita vya kwanza vilipoingia Butembo alikimbilia shambani na kuku mmoja kwapani, na vya pili vilipoingia akakimbia tena, safari hii bila kuku. Ukimuuliza Lubero pakoje, alikueleza nani alipika maharagwe ya kilio na kama yaliiva. Mto hakuuona, mlima hakuuona. Mtu anayelia hatazami nje ya gari.

Jambo hilo lilikuwa linaniudhi. Mimi huudhika upesi na kupoa polepole, na marehemu baba alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nimekunja uso. Wakati ule nilikuwa nafundisha darasa la tano pale Butembo, na kila mwaka nilichora mlima Ruwenzori ubaoni, kilele kimoja kirefu, juu nikasugua chaki nyeupe kwa nguvu na kuwaambia watoto kwamba ile ni theluji.

Theluji hiyo ilikuwa ugomvi wa zamani nyumbani kwetu. Asubuhi nyingine, mvua ikiwa imenyesha usiku, ukisimama juu ya kilima nyuma ya nyumba yetu uliona kitu cheupe mbali sana upande wa jua kuchomoza. Mama alisema ni mlima, ule ambao babu zake waliuacha nyuma walipovuka mto Semliki kuja huku, na weupe ule ni nzururu, maji yaliyokuwa mawe kwa baridi. Baba alisema ni mawingu. Waliibishania maisha yao yote ya ndoa, kwa furaha kabisa, hadi baba akafa bila kukubali. Baada ya hapo mama hakupanda tena kile kilima. Siku moja tukiwa tunachambua maharagwe aliniambia kwamba kinachomsumbua ni kimoja tu: siku atakapomfuata mumewe, yule mzee atamuuliza kama aliwahi kuhakikisha, naye hatakuwa na jibu.

Basi nikaamua nitampeleka. Ilikuwa bado ni vita, lakini barabara ya kaskazini ilikuwa imetulia kwa muda, na likizo ya Pasaka ilikaribia. Mvua zilikuwa zimeanza, na kila mtu anajua mvua ndiyo huosha hewa ukaona mbali. Nilitaka safari yenye miji kadhaa, tushuke hapa, tulale pale, tuangalie, tupande tena. Gari hatukuwa nalo. Tungesafiri kama watu wote.

Kwetu, kupanga safari ya namna hiyo ni kazi ya akili. Hakuna gari la saa fulani. Gari hufuata soko, na kila soko lina siku yake, kwa hiyo anayetaka kufika mahali huanza kwa kuuliza watu wa pale wanauza lini. Ukikosea siku utakaa kando ya barabara na kikapu chako hadi wiki nyingine. Jioni baada ya darasa nilikuwa nakwenda kusimama paraking, pale malori yanapopakiwa, nikiwauliza madereva: viazi vinakwenda Beni siku gani, wenye maduka wa Beni wanateremka mpakani Kasindi siku gani, samaki wa chumvi wanapanda siku gani. Walidhani nataka kuanza biashara. Mmoja, mzee mwenye lori la viazi, aliniuliza nitauza nini. Nikamwambia siuzi kitu, naenda na mama yangu kuangalia nchi. Alifikiri kidogo, akaniuliza tena nitauza nini.

Hata hivyo alinisaidia kuliko wote. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa mkubwa. Tungeanza kusini hadi Kanyabayonga, tusimame juu ya ule mteremko tuone bonde lote la nyati chini, kisha tugeuke. Mzee akatikisa kichwa. Wakati huo wale wa kule na wale wa huku walikuwa wanatazamana kwa bunduki njiani humo humo.

"Madame, kule hapana kwenda," aliniambia. "Kule hata mbuzi inaombwa laissez-passer."

Nikaikata kusini. Ikabaki kaskazini, na nikaifunga vizuri. Lori la viazi lingetuchukua hadi Beni siku moja kabla ya soko, tukalale kwa kaka yangu mkubwa, ambaye ni seremala katika mtaa wa Bungulu. Kutoka Beni tungepanda na wafanyabiashara wa Kasindi wanaoondoka alfajiri, tukashuke kwenye njia panda ya Mutwanga, chini ya mlima wenyewe, na kulala kwa masista. Tungerudi na gari la samaki wa chumvi, kisha tusimame Kalunguta kununua ndizi na mananasi, maana huwezi kutoka safarini mikono mitupu. Niliigeuza ile njia kichwani nikiwa naosha vyombo, nikitafuta mahali ilipovuja, sikupaona. Nilijisikia kama jenerali, tena afadhali, kwa sababu majenerali wa siku zile hawakujua hata wanakwenda wapi.

Bado ilitakiwa karatasi ya njia, ile laissez-passer yenyewe. Afisa wa ofisi ile alikuwa ametoka mkoa wa mbali, na alitukaribisha sisi sote kwa uchovu uleule. Aliniuliza sababu ya safari. Sababu zilizojulikana zilikuwa biashara, kilio, ndoa, ugonjwa na kazi ya serikali. Nikamwambia tunakwenda kuangalia mlima.

"Mulima ya nani?" akauliza, akidhani kuna kesi ya shamba.

Nikamjibu ni wa Mungu. Akaniuliza kama kuna madini. Alitaka kuandika kilio ili mambo yawe mepesi, nami nikakataa, nikasema siwezi kumuua mtu ili nipate muhuri. Tulibishana mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kulalamika, na mwishowe akaandika neno moja la Kifaransa lenye maana ya mambo mengine, akapiga muhuri kwa hasira. Nilitoka pale nikiwa nimeshinda.

Siku hiyo hiyo nilipita kwenye nyumba ya fonia, ile redio ya kuitia watu walio mbali, nikamwomba mwenye mtambo amfikishie kaka yangu kwamba mimi na mama tunakuja kutembea. Simu nyingine hatukuwa nayo.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, na ambalo mimi, mwalimu mzima, nilikuwa nimelisahau kwa furaha. Kwetu mtu aliyefiwa mbali haambiwi. Anafuatwa na ndugu yake kwa upole, anaambiwa, twende tutembee kidogo. Ananunuliwa kitenge kipya. Anatafutiwa kiti cha mbele, kando ya dereva, na kikapu chake kinabebwa na mwingine. Akiuliza, anajibiwa asiwe na wasiwasi. Anafika, anakuta ua umejaa watu, na hapo ndipo anajua. Ni namna yetu ya kuhurumia, ili mtu asibebe habari ile peke yake njia nzima.

Nami nikafanya nini? Nilimnunulia mama kitenge kipya, cha kijani na njano, nikamwambia ni cha safari. Nilimwomba yule mzee wa viazi amtunzie mama kiti cha mbele. Nilimwambia asibebe kitu kizito. Aliponiuliza tunakwenda kufanya nini Beni, nikamjibu, nikitabasamu meno yote nje, kwamba tunakwenda kutembea tu. Habari ya mlima sikuitaja. Nilitaka auone kwa mshangao. Akaniuliza kaka yangu hali yake.

"Iko muzima, mama," nikamwambia. "Utamuona."

"Bon," akasema mama.

Hakuuliza tena. Alikwenda kuungama kanisani. Aliwapeleka kuku wake kwa jirani, mama mmoja mnene waliyezoeana tangu ujana, na nikawaona wawili wale wameshikana mikono kwenye ua wakisemezana chini chini. Mimi nilifikiri wanasifu moyo wangu mwema. Usiku wa kuamkia safari alikunja nguo yake nyeusi, akaiweka chini kabisa ya kikapu, akaifunika na kitenge kipya. Aliponiona, aliniambia mvua italeta baridi.

Tuliondoka asubuhi yenye jua zuri baada ya mvua. Mimi nilikaa juu ya viazi na abiria wengine, mama mbele. Kila lori liliposimama niliruka chini nikaenda dirishani kwake kumwonyesha vitu. Mama, angalia mteremko ule. Mama, angalia chini, huko ndiko mto unapita. Alikuwa anasali rozari na kujibu ndiyo, ndiyo, bila kuinua macho. Kalunguta tulisimama wapakie ndizi, wanawake wakaleta mahindi ya kuchoma, na mzee dereva akamnunulia mama moja. Hakulitaka. Yule mzee akanivuta pembeni, akaniuliza taratibu kama mama ana kilio. Nilicheka. Nilimwambia mama yangu hajazoea tu raha, na nikarudi juu ya viazi vyangu nikiimba.

Beni ni chini kuliko Butembo, kuna joto, na michikichi inaanza kuonekana kando ya barabara. Mzee alikuwa mwema, akatupeleka hadi Bungulu, mbele ya ua wa kaka. Mama aliteremka, akainua macho kwa mara ya kwanza tangu nyumbani. Kando ya mlango wa ua, limeegemezwa ukutani, lilikuwepo jeneza jipya, vanishi haijakauka.

Mimi nilijua kaka ni seremala wa milango na vitanda. Mama alijua hivyo hivyo. Hatukuwa tumeambiwa kwamba tangu vita vilipozidi watu hawanunui milango.

Mama aliweka mikono kichwani, akapiga ukelele ambao sijausahau, akaanguka chini na kuanza kulia akimtaja mwanawe wa kwanza, alivyomzaa, alivyomnyonyesha, alivyokataa kula ugali wa mtama. Na kwetu mama akilia mlangoni, haulizwi. Majirani walitoka kushoto na kulia, wanawake wakivuta vitambaa viunoni, wakaketi chini pamoja naye wakilia kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao nikipiga kelele kwamba hakuna msiba, jamani, hakuna msiba. Nani atamsikia mtu kama huyo? Walinishika wakanikalisha, wakaniambia nilie tu, nisizuie.

Kaka alitoka nyuma ya nyumba na randa mkononi, maranda ya mbao yamejaa kichwani. Alikuwa amepata ule ujumbe wa fonia, na tangu aupate hakuwa amelala vizuri, maana yeye pia ni mtu wa kwetu, na dada anayemleta mama ghafla hana habari njema. Sasa alimwona mama yuko chini na watu wakilia. Aliiacha randa ikaanguka.

"Ni nani, mama?" akauliza, machozi tayari yanamtoka. "Ni nani alikufa?"

Mama aliinua uso uliolowa machozi.

"Ni weye," akamwambia. "Ni weye ulikufa."

Kilio kilinyamaza safu kwa safu, kuanzia mbele hadi nyuma. Kaka alijiangalia mikono. Akasema yeye yuko hapa. Mama aliinuka polepole, akamshika mashavu, akamshika masikio, akampapasa mabega kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akampiga kofi la mgongo lililotoa vumbi la mbao. Baada ya hapo alinigeukia mimi. Nilikuwa na umri wa kuolewa na kuzaa, lakini nilikimbia nikazunguka lile jeneza.

Nyuma yetu niliona lori la viazi likiondoka, na mzee dereva amevua kofia yake kwa heshima. Sikupata nafasi ya kumwita.

Jioni ile mama hakuamini bado. Kama si huyu, basi ni mwingine. Alituuliza ndugu mmoja mmoja, wa Lubero, wa Maboya, walioko masomoni, nasi tukaapa kwa kila mmoja. Nikamweleza hatimaye mpango wote, njia panda ya Mutwanga, masista, mlima. Alinisikiliza akiwa ametulia sana, kisha akasema amemwona mwanawe mzima, inatosha, kesho turudi. Mtu asiye na sababu barabarani anaita sababu. Lisemwalo lipo, akaniambia, na kama halipo laja, na leo limesemwa kwa sauti mbele ya watu wengi.

Hapo hasira zangu zilinipanda. Nilimwambia amezika watu wa kutosha katika kila mji wa Kivu, na kama hawezi kwenda mahali ambapo hakuna aliyekufa, basi wafu wamemfunga kamba. Maneno mazito kumwambia mama. Wifi yangu aliniminya mkono nikanyamaza, lakini sikuyajutia wala siyajutii.

Aliyetuokoa hakuwa mimi. Giza lilipoanza kuingia wale majirani walirudi, maana huwezi kumlilia mtu kisha usije kumsalimu akiwa hai. Walileta kuku na kasiksi, pombe ya ndizi, wakamcheka kaka wakimwita marehemu, na mama mmoja mzee akauliza kwa adabu kwamba, sasa, kama si kilio, wageni wamekuja juu ya nini. Wote wakamgeukia mama. Aibu ya kumlilia mtu aliye hai ilikuwa bado usoni mwake, na mama yangu ni mtu wa heshima zake. Alinyoosha mgongo.

"Niko naenda kuangalia mulima," akasema. "Bwana yangu alisemaka ile nyeupe ni mawingu. Naenda kuona."

Nilishikilia kinywa changu kisicheke. Yule mzee wa kike akasema mawingu gani, ni nzururu, mama yake aliionyesha kwa kidole. Mwanaume mmoja akasema hapana, yeye anapita njia ile kila mwezi na mafuta ya mawese, ni mawingu yaliyokwama. Ua wote ukagawanyika. Waliishi karibu na mlima kuliko sisi, lakini hakuna aliyewahi kusimama akauangalia kwa makusudi. Mwisho wakakubaliana kwamba mama ataangalia kwa niaba ya pande zote mbili, na akirudi aseme ukweli. Baada ya hapo hakukuwa tena na habari ya kurudi Butembo kesho.

Tulipanda na wafanyabiashara alfajiri. Penye daraja la Semliki kulikuwa na kizuizi, mti umelazwa barabarani na askari wawili. Pale kila sababu ilikuwa na ushuru wake. Mwenye bidhaa alilipia bidhaa, mgonjwa alilipia ugonjwa, hata wafiwa walitoa kitu kidogo. Askari mmoja, kijana aliyetoka mbali na mwenye Lingala nyingi mdomoni, alisoma karatasi yetu akakwama, akamuuliza mama mwenyewe anakwenda kufanya nini.

"Kuangalia mulima," mama akajibu kabla sijafungua kinywa.

"Kotala?" askari akashangaa, yaani kuangalia. "Kotala tu?"

"Macho hayana pazia, mutoto yangu."

Yule kijana alimwita mwenzake, na wakasemezana. Walikuwa wanatafuta kwa bidii kuangalia kunalipiwa nini. Mwenzake alipendekeza tulipie kama bidhaa, lakini bidhaa iko wapi? Alipendekeza tulipie tukirudi, tukiwa tumeshaona. Wafanyabiashara walianza kucheka juu ya gari, na kijana, naye akitabasamu sasa, akauinua ule mti. Tulipita daraja la Semliki bila kulipa chochote, na mtu wa vitenge aliyekuwa pembeni yangu aliapa hajawahi kuona jambo kama hilo tangu vita vianze. Mama alikaa wima kabisa. Sikumwonyesha kitu tena njiani. Yeye ndiye alikuwa ananigusa goti, angalia wale ndege, angalia yule mama na mzigo wake, angalia maji yalivyo mekundu.

Mutwanga tulikuta mawingu. Siku nzima mlima ulikuwa umefungwa toka chini hadi juu, kijivu kitupu, na mvua ikawa inapita inarudi. Tuliangalia vingine. Tuliona hoteli ya zamani ya wazungu imeota majani, na mto unaoshuka wenye maji baridi hadi meno yanauma. Masista walitupa chumba na supu. Mama aliukalia mlango jioni nzima akiangalia lile pazia la kijivu, akasema baba yangu amefika kwa Mungu mapema, bila shaka ameshapata marafiki wa kumsaidia kuuficha mlima.

Nilipoamka kitanda chake kilikuwa kitupu. Nikatoka na blanketi. Mvua ilikuwa imekatika, kulikuwa na mwanga lakini jua lenyewe bado, na mama alikuwa amesimama katikati ya bustani ya kabichi ya masista, amevaa kile kitenge cha kijani na njano, miguu mitupu kwenye udongo.

Ulikuwa pale. Nilikuwa nautafuta mbele, kumbe ilibidi kuinua kichwa, na tena kuinua. Chini ulikuwa mweusi wa misitu, halafu bluu, halafu mawe, na juu ya mawe nyeupe, si nyeupe ya mawingu ambayo ina kijivu ndani, bali nyeupe ngumu, yenye kingo. Na hakikuwa kilele kimoja kama nilivyochora miaka yote. Vilikuwa vingi, vimesimama bega kwa bega. Jua lilipochomoza nyuma yake, kingo za vya juu ziligeuka rangi ya ndani ya ganda la yai.

Mama alianza kusema kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Alikuwa anamwita baba. Alimwambia aangalie yeye mwenyewe kama ana macho huko aliko. Alimwambia kwamba si mawingu, mzee, mawingu haya hapa yanapita mbele yake, na kile hakitembei. Alimwambia amekosea tangu mwaka waliooana. Kisha alipiga vigelegele, virefu, na wanawake waliokuwa wanakwenda shambani na majembe wakasimama barabarani, wakauliza kuna arusi, na mmoja akamjibu kwa vigelegele vyake bila kungoja jibu. Mimi nililia. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kulia kando ya mama yangu bila kuwepo kaburi.

Hakutoka pale mpaka mawingu yalipopanda na kufunga kila kitu. "Wasingya," akasema, asante, sijui kwa Mungu au kwangu, na akaenda kuomba masista chai.

Kurudi kulikwenda kama nilivyopanga, hata sikuamini. Gari la samaki wa chumvi lilitukuta njia panda. Bungulu mama alitoa hukumu yake mbele ya ua mzima, na mtu wa mafuta ya mawese akatozwa kasiksi. Kalunguta tulinunua ndizi na mananasi. Tulipokaribia Butembo mama alikuwa ananiuliza magari ya ziwani hufuata soko gani.

Lori lilipokata kona ya kwetu tulisikia nyimbo. Ua wetu ulikuwa umejaa. Hema la plastiki lilikuwa limefungwa kutoka paa hadi mparachichi, mabenchi ya parokia yamepangwa, moto mkubwa unawaka, na masufuria ya maharagwe juu yake. Yule jirani mnene, aliyenong'onezwa na mama hofu yake siku ile ya kuku, alikuwa amengoja tu habari ihakikishwe. Na mzee wa viazi alikuwa ameihakikisha. Alirudi Butembo akasema ameona kwa macho yake mama akianguka mlangoni, na jeneza liko pale. Watu wakaanzisha matanga. Walipoliona lori letu walipasuka kilio wote pamoja.

Mama aliteremka na nanasi kila mkono. Alisimama mbele yao katika kitenge chake, akangoja mpaka kilio kikapungua kwa kushangaa.

"Mutoto iko muzima," akasema. "Nilimupiga miye mwenyewe."

Halafu jirani yetu aliuliza, akiwa amekasirika kweli, kuni zote zile nani atazirudisha msituni, na maharagwe je, na vijana waliotumwa kuazima mabenchi? Watu wengine walianza kuinuka, wakijipangusa vumbi, hawajui waende wapi na huzuni waliyokuja nayo. Mama akamkabidhi jirani mananasi yote mawili.

"Juu ya kilio munakuyaka bila kuitwa," akawaambia. "Basi leo mumekuya. Mukae."

Wakakaa. Kwanza kwa ajili ya maharagwe, nadhani, kisha kwa ajili ya mlima, maana mama alianza kuusimulia, na aliusimulia vizuri, akisimama na kuinua kichwa, na tena kuinua. Kesho yake wakarudi, kwa kuwa hema lilikuwa bado limefungwa na kuni hazijaisha, na keshokutwa tena, hadi zikatimia siku zote za matanga kama desturi inavyotaka, na hata waimbaji wa parokia wakaja, wakatafuta nyimbo nyingine. Vita vilikuwa havijaisha, na baada ya hapo nilikaa matanga mengi chini ya hema lile lile, mengine ya watu waliokuwepo siku ile wakila maharagwe yetu. Hayo ya mama na mlima wake ndiyo ya pekee ambayo, tulipotazamana usoni, hakukosekana mtu.